Mzee Sutherland na shingo ya bibi yangu

Samahani kwa kupotea wiki mbili, umeme ulikuwa unasumbua na mfuko nao ulikuwa umetoboka. Leo siyo siasa wala mpira. Nawaletea maisha ya marehemu mmoja, Mmarekani, anaitwa Earl Sutherland. Kwenye dunia ya sayansi ni jina kubwa sana, ila huku kwetu sijawahi kumsikia mtu akimtaja. Najua kuna atakayeuliza huyu mzungu anawahusu nini watu wa Sumbawanga. Vumilieni kidogo, hata mimi nilianza na swali hilo hilo.

Habari yenyewe inaanzia kwa bibi yangu mzaa mama. Anaishi kijijini, upande wa Laela. Tangu nipate akili namjua na shingo kubwa, uvimbe umekaa mbele, pande mbili, mkubwa kama embe. Kuna wanaoita rovu, kuna wanaoita goita. Ulipoanza kukua mimi sijazaliwa, na maneno yakaanza kukua pamoja nao. Si mnajua sifa ya mji wetu? Jina lenyewe Sumbawanga tunaambiwa maana yake ni tupa uchawi. Sasa pale kijijini kulikuwa na mama mmoja jirani, walishagombana na bibi kuhusu mpaka wa shamba la ulezi. Kidole kikanyooshwa kwake. Hakupigwa, lakini watu waliacha kumsalimia. Akifika kisimani wenzake wanabeba ndoo na kuondoka. Mwisho akafunga mizigo, akachukua watoto wake, akahama.

Hii hadithi nimekua nayo. Miaka kadhaa iliyopita nikiwa kafe, nimelipia saa moja tu, nikaandika kutafuta habari za uvimbe wa shingo. Kubofya hiki, kubofya kile, nikajikuta naangalia picha ya mzee mmoja wa Kansas na koti lake. Saa moja ikaisha, nikaongeza nyingine, nikarudi nyumbani kwa miguu maana nauli yote ilibaki pale.

Haya, tumjue mwenyewe. Earl Sutherland alizaliwa tarehe 19 Novemba 1915 katika mji mdogo wa Burlingame, jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Kule ni nchi ya wakulima, mashamba mpaka macho yanachoka. Baba yake alilima, baadaye akawa na duka. Earl alikuwa wa tano kati ya watoto sita. Alipenda kuvua samaki tangu mdogo kabisa, na penzi hilo halikumtoka hata alipokuwa mtu mzima mwenye jina. Shuleni alikuwa mwanamichezo. Hakuwa yule mtoto wa miwani anayekaa na vitabu tu, kama tunavyowafikiria wanasayansi.

Miaka ya 1930 uchumi wa dunia ukaporomoka, familia yao nayo ikayumba. Earl akaenda Chuo cha Washburn, mjini Topeka, huku anafanya kazi hospitalini ili ajisomeshe. Wanaouza vocha asubuhi na kusoma jioni wananielewa. Akamaliza 1937, akapata nafasi ya kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Washington, ambacho kiko mji wa St. Louis (msichanganye na mji mkuu wao), akahitimu 1942. Wakati huo Vita Kuu ya Pili imepamba moto. Akapelekwa jeshini kama daktari, akahudumia majeruhi Ulaya, vita ikaisha 1945 akarudi nyumbani.

Hapo ndipo alipokwama. Je, afungue chumba cha kutibu watu, apate hela na heshima, au arudi maabara? Aliyemvuta maabara alikuwa mwalimu wake Carl Cori. Huyu Cori na mkewe Gerty walikuwa wahamiaji kutoka Prague, na walikuwa wanachunguza jinsi mwili unavyoweka akiba ya sukari na kuitoa. Mwaka 1947 wote wawili wakapata Tuzo ya Nobel, na Gerty akawa mwanamke wa kwanza kuipata ile ya tiba. Kukaa karibu na watu kama hao ni shule nyingine. Sutherland akabaki.

Sasa sikilizeni swali lililomla kichwa miaka yote iliyofuata. Nitalileta kwa mfano wa huku kwetu. Umewahi kushuka Lyamba lya Mfipa kwenda bondeni Muze ukiwa umekaa juu ya magunia kwenye Fuso? Kona moja dereva anakanyaga breki, gari linateleza kidogo kuelekea korongoni. Kabla hujapiga hata kelele, moyo tayari unadunda, mikono inatetemeka, usingizi wote umekwisha. Kilichotokea ni kwamba tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu. Hiyo ndiyo homoni: ujumbe wa kikemikali unaotumwa na kiungo kimoja kwenda kingine kwa njia ya damu. Adrenalini ikifika kwenye ini, ini linafungua ghala lake. Ghala hilo ni glaikojeni, sukari nyingi zilizofungwa pamoja, ni jamii ya wanga (wanga wa chakula, siyo wale wa usiku). Inakatwakatwa kuwa glukosi, inaingia kwenye damu, misuli inapata nguvu ya kukimbia.

Hayo yalishajulikana. Kisichojulikana ni adrenalini inafanyaje mpaka ghala linafunguka. Kiasi chake kwenye damu ni kidogo mno, halafu kazi inayotokea ni kubwa mno. Wataalamu wengi wa enzi zile waliamini kwamba homoni inafanya kazi kwenye seli nzima, iliyo hai. Ukiivunja seli umeharibu kila kitu, usitegemee jibu. Sutherland yeye aliona kama ni kemia, basi ni kemia tu, hata seli ikivunjwa.

Alianza na vipande vyembamba vya ini. Akafuatilia kazi ya kukata glaikojeni hatua kwa hatua, akagundua kimeng'enya kinachoamua kasi ya kazi nzima kinaitwa fosforilesi. Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi za kikemikali mwilini, ichukulie kama fundi. Fundi huyu ana hali mbili. Akibandikwa kitu kidogo kinachoitwa fosfati anaamka na kuchapa kazi. Akibanduliwa analala. Kwa hiyo adrenalini, kwa njia fulani, inamfanya fundi abandikwe fosfati.

Mwaka 1953 akahamia mji wa Cleveland, Chuo cha Western Reserve, akawa mkuu wa idara. Hapo akafanya kazi na kijana aliyeitwa Theodore Rall na wenzake, na hapa ndipo penye utamu wote. Walichukua maini ya mbwa na paka (msinirushie mawe, ndivyo ilivyokuwa), wakayasaga mpaka seli zikapasuka, ikawa kama supu. Wakatia ATP, ambayo ni chakula cha nguvu cha seli, kisha wakatia adrenalini. Fundi akaamka! Kwenye supu ya seli zilizokufa! Nilivyosoma hapo nilisimama kwenye kiti, jamaa wa kompyuta ya pembeni akanishangaa.

Lakini Sutherland hakuishia kushangilia. Akaizungusha supu kwa kasi kwenye mashine mpaka mashapo yakazama chini na maji yakabaki juu. Fundi fosforilesi yuko kwenye maji. Akayachukua hayo maji peke yake, akatia adrenalini: kimya. Akarudisha mashapo: kazi ikaanza tena. Kumbe adrenalini inahitaji mashapo. Na kwenye mashapo kulikuwa na nini? Mabaki ya seli zilizopasuka, pamoja na vipande vya utando wa nje, yaani ukuta wa seli zile.

Halafu ndiyo ikaja ile hatua ninayoipenda kuliko zote. Alichukua mashapo peke yake, bila fundi, akayatia adrenalini na ATP, akaacha kidogo. Kisha akachemsha. Unajua yai likichemshwa linaganda? Na protini nyingi ndivyo zinavyokuwa, zikichemka zimekwisha. Akachukua majimaji ya kile alichochemsha, akayamimina kwa fundi. Fundi akaamka. Maana yake kwenye mashapo kilikuwa kimetengenezwa kitu kipya, kidogo, kisichoogopa moto, na kitu hicho ndicho kinachopeleka habari ndani. Adrenalini yenyewe imebaki mlangoni.

Hiyo ilikuwa 1957. Kikabaki kitendawili cha kile kitu ni nini. Sutherland akamwandikia mtaalamu mmoja wa kemia, Leon Heppel, kumwomba msaada wa kukitambua. Wakati huo huo mkemia mwingine wa St. Louis, David Lipkin, alikuwa ameichemsha ATP kwa dawa nyingine kabisa, bila kufikiria homoni wala ini, akapata kitu asichokijua, naye akamwandikia Heppel huyo huyo. Heppel akazilinganisha barua mbili zilizokuwa mezani kwake, akaona zinazungumzia kitu kimoja. Nyie wa leo wa kutuma meseji na kujibiwa hapo hapo, fikirieni ugunduzi mkubwa namna hii ulivyopitia posta. Kitu chenyewe wakakiita AMP ya mviringo. Ni ATP iliyokatwa mkia, kisha ikajipinda na kujifunga yenyewe kama pete.

Sutherland akaiita hiyo AMP mjumbe wa pili. Mjumbe wa kwanza ni homoni, anakuja na damu kutoka mbali, anagonga hodi, haingii. Mjumbe wa pili anazaliwa ndani ya nyumba na kukimbia vyumbani kutoa habari.

Wengi hawakumwelewa. Walisema haiwezekani, maana yeye na wenzake walianza kuikuta AMP hii kila walipogusa: kwenye moyo, kwenye mafuta, kwenye tezi mbalimbali, na kufikia 1965 hata kwenye bakteria. Homoni nyingi tofauti, kazi nyingi tofauti, halafu mjumbe wa ndani ni yule yule mmoja? Jibu mimi naliona hivi. Kengele ni chuma kile kile. Ikilia shuleni watoto wanakimbilia mstarini, ikilia kanisani watu wanaenda misa. Seli ya ini ina mafundi wa ini, seli ya moyo ina mafundi wa moyo. Kengele ikilia kila mmoja anafanya kazi aliyozaliwa nayo. Na siyo kila nyumba ina mlango wa kila mgeni, seli isiyo na kipokezi cha homoni fulani haiisikii kabisa.

Mwaka 1963 alihamia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, akapunguziwa mambo ya ofisi na kufundisha ili achunguze tu. Mwaka 1971 akapewa Nobel, peke yake, jambo ambalo siku hizi kwenye tuzo ya tiba ni nadra. Mwaka 1973 akaenda Miami, karibu na bahari na samaki zake. Hakukaa sana. Alifariki tarehe 9 Machi 1974 baada ya kuvuja damu kwenye koo la chakula, akiwa na miaka 58.

Alikufa hajauona mlango wenyewe. Alijua kuna kitu ukutani kinachoipokea homoni, ila kikoje, na kinampaje habari yule anayetengeneza AMP, hilo walimalizia wengine. Nitalipitisha haraka maana dakika zenu zinahesabiwa. Kipokezi cha adrenalini ni protini ndefu iliyoshonwa kwenye utando wa seli, inaingia na kutoka mara saba, kama uzi kwenye kitambaa. Kwa nje kuna kishimo, adrenalini inakaa humo kama ufunguo kwenye kufuli. Ikikaa, kipokezi kizima kinajipinda kidogo, na upande wa ndani panafunguka nafasi. Hapo ndani kunasubiri protini nyingine yenye vipande vitatu, inaitwa protini G. Muda wote imeshika kitu kinaitwa GDP, ni kama imefunga mkono. Kipokezi kikijipinda inaiachia GDP na kushika GTP, kipande chake kimoja kinachomoka, kinateleza chini ya utando mpaka kinaigusa adenili saiklesi, yule anayeikata ATP kuwa AMP ya mviringo. AMP zinamwagika, zinamwamsha fundi msimamizi, naye anawabandika fosfati mafundi wengine mpaka inafika kwa fosforilesi. Kila ngazi mmoja anaamsha wengi, ndiyo maana adrenalini kiduchu inafungua ghala zima. Kazi ikiisha, protini G inaivunja GTP yake na kulala, na kuna kimeng'enya kingine kinachoikata ile pete ya AMP. Martin Rodbell na Alfred Gilman walipata Nobel ya protini G mwaka 1994, na Robert Lefkowitz na Brian Kobilka wakapata ya vipokezi 2012, mwaka mmoja baada ya Kobilka na wenzake kuonyesha umbo la kipokezi kikiwa kimeshikana na protini G. Siyo homoni zote ziko hivi. Insulini ina mlango wa aina nyingine, na nyingine zinapita utando bila hodi.

Mlango huu una adui anayejulikana huku kwetu. Mwambao wa Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa wamepigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Sumu ya kile kidudu inaingia kwenye seli za utumbo na kuifunga protini G isilale tena. AMP inapanda bila kikomo, na maji ya mwili yanamwagika tumboni. Ndiyo maana mgonjwa anakauka kwa masaa tu, na ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari yanaokoa, maana yanapita mlango mwingine ambao sumu haijaugusa.

Sasa turudi kwa bibi. Mbele ya shingo kuna tezi ambayo kila mtu anayo, ndogo, huioni. Inatengeneza homoni inayoendesha kasi ya mwili mzima, na mali ghafi yake ni madini joto, yaani iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 hivi kwa siku, ukijumlisha umri wote haijazi kijiko cha chai. Lakini nchi za milimani mvua imeosha udongo miaka na miaka na kuyapeleka baharini. Mahindi, ulezi na maharage ya Ufipa hayawezi kutoa kitu ambacho ardhi haina. Chumvi ya zamani, kama ile ya kuchemsha kule Ivuna, nayo haikuongezwa madini hayo.

Madini yakikosekana, tezi ya shingo haitoi homoni ya kutosha. Tezi nyingine ndogo chini ya ubongo inaona upungufu, inatuma homoni yake, iitwayo TSH, kuihimiza. TSH inafika kwenye seli za tezi ya shingo, inakaa kwenye kipokezi, protini G inaamka, AMP ya mviringo inamwagika. Njia ile ile ya mzee Sutherland. Ujumbe unasema fanya kazi, kua, ongezeka. Tezi inatii lakini mali ghafi hakuna, basi homoni haipatikani, basi TSH inatumwa tena, kesho tena, mwaka tena. Tezi inakua kama mtu anayejenga mashine mpya kila siku wakati pamba ya kusokota hakuna. Hicho ndicho kilichokuwa shingoni kwa bibi.

Mikoa ya nyanda za juu kusini, Rukwa ikiwemo, ilikuwa na watu wengi wa namna hii. Kuanzia miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika, na katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyatia kwenye chumvi. Bibi anatumia chumvi hiyo, ila uvimbe wa zamani hivyo haurudi. Na siyo kila uvimbe wa shingo ni wa madini, kwa hiyo mwenye nao aende hospitali akapimwe, asijitibu kwa kusoma kijiwe changu.

Nilienda kijijini nikamweleza bibi. Nilichora kwenye mchanga, nyumba, mlango, mgeni wa nje, mjumbe wa ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hao wajumbe wanatumwa na mtu. Nikamwambia hapana, ni mwili wenyewe unaomba chumvi. Akakaa kimya muda mrefu, anachambua maharage. Kisha akamuuliza mama kama kuna mtu anayejua yule jirani alihamia wapi. Mama akasema walisikia tu kwamba alielekea upande wa Mpanda, na kwamba yule mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Dakika zangu zimebaki tatu. Mwenye swali au marekebisho aandike hapo chini, nitajibu nikirudi kafe.